Silabi ya Katikati

Lugha ya Injinia Liang haina kesho ndani ya kitenzi.
Anasema "kulipa", basi.
Lililolipwa jana, litakalolipwa, lisilolipwa kamwe,
yote yamevaa kanzu moja.
Wakati anauweka kando, kama kofia mezani,
na siku nyingine anausahau.

Mimi, Mwanahawa Semkiwa wa Makorora,
miaka minne ya baridi na mikate ya mvuke,
ndiye niliyeshika kipaza sauti chini ya turubai kule Kivindani,
watu mia na kumi na wawili wakinitazama mdomo.
"Kampuni kulipa minazi," alisema.
Nikasema: Kampuni italipa minazi.

Ile *ta* ilikuwa yangu.
Haimo katika mkataba, haina muhuri.
Makofi yale waliipigia *ta*.

Kisha akainuka Bi Mwanamkuu, kanga begani:
"Minazi mmeipaka namba, hata ule uliopigwa na radi.
Na huyu wangu aliyelala nyuma ya jiko,
yeye mita ngapi?"
Mthamini akapekua jedwali.
Makaburi yalikuwa ukurasa wa tisa,
baada ya vyoo.

Jioni kambini, akimenya chungwa la Muheza,
Liang aliniambia bila kuulizwa
kwamba kijiji chao kiko chini ya bwawa.
"Mama alipewa fidia, akanunua friji.
Akaifunika kitambaa. Ghorofa ya kumi na moja.
Mwaka mzima hakuifungua."
Hilo sikumtafsiria mtu.

Ofisini ukutani kulikuwa na ramani:
mstari mwekundu unatoka gatini,
unapita Korogwe, unapita Singida, unavuka ziwa,
halafu kwenye milima ya madini
unakuwa nukta nukta.
Nukta nukta maana yake bunduki.
Kaka yangu Hoza analiendesha lori juu ya nukta hizo.
Alipiga simu: siku ya kumi na sita mpakani,
mawe ya kutengenezea simu yako mgongoni,
na mji wa mbele umebadilisha wenyewe mara mbili
tangu apange foleni.
Kila mwenyewe mpya anataka ushuru upya.

Meli haifuati mzigo usioshuka.
Ikaja barua, kurasa mbili, neno moja: kusimama.
Watu wakaniuliza, nami nikajibu, "Mradi umesimama,"
na vijana wawili wakafurahi,
wakadhani umeinuka wima.

Liang aliondoka Alhamisi.
Aliniachia chupa ya chai na kamusi yenye madoa ya chungwa.
Wiki hiyohiyo nikaletewa fomu ya tathmini,
nyuma yake mwandiko wa Bi Mwanamkuu, penseli:

*Minazi mmeikata, kivuli mmekiuza,*
*Ahadi tumeipata, tuile vipi twawaza,*
*Mtu akiwafuata, nani wa kumsikiza?*
*Neno ulilolileta, njoo sasa kulimeza.*

Nikaenda. Bodaboda elfu tatu, vumbi la bure.
Vigingi vya zege vimefungiwa mbuzi.
Yeye kakaa juu ya kisiki namba 47,
anachambua mbaazi,
na nyuma ya jiko pamefagiliwa.

"Sema," akaniambia.
Nikasema: Hawajalipa.
Akacheka kidogo. "Hiyo *ja* yako!
Unaniachia mlango wazi, mbu waingie.
Mimi nina miaka sabini na moja, mwanangu,
sina usiku wa kulala mlango wazi.
Sema na *ku*. Nataka niisikie inavyouma,
kisha nipande muhogo."

Nilitafuta mate, hayakuwapo.
Nilikumbuka friji chini ya kitambaa.
Nilikumbuka Hoza, injini imezimwa kubana mafuta.

"Hawa..." nikaanza.

Akaacha kuchambua.
Alidhani najitaja jina.