Miaka Miwili, Mara ya Pili

Wakala alikuja Jumanne, viatu vyekundu kwa vumbi la Tororo,
akakataa chai, akakubali maji.
"Mama," akasema, "mkataba huu una saa mbili."
Nikatazama ukutani. Ilikuwa saa tano.

Ya kwanza ilianza kugonga ulipotia sahihi,
milioni kumi, kwa kalamu ya kuazima,
kwenye kaunta ya forodha Malaba, malori yakikupigia honi mgongoni.
Miaka miwili wangeweza kukuhoji lolote:
ini, moyo, sigara, baba yako alikufa kwa nini.
Miaka miwili ikapita, wakafunga mdomo.
Tulikuwa tumevuka, Owori.

Kisha ukaanza kubadilisha.
Kwanza jina: ukamfuta mama yako, ukaniandika mimi,
nami siku ile nikachinja kuku
bila kumwambia mtu sababu.
Jina halikuamsha saa, anasema wakala. Jina ni wino tu.
Lakini Apio na Adongo walipozaliwa
ukaongeza milioni ishirini,
na zile ishirini zikaja na saa mpya,
changa, yenye masikio,
na fomu mpya, na swali la kumi na moja:
*Je, umewahi kuambiwa una presha?*
Ukaandika Hapana,
herufi ya kwanza kubwa kama mlango.

Umekufa mwezi wa kumi na tisa.
Ilibaki mitano. Mitano, mume wangu,
ni ulezi kupandwa, kuvunwa na kukauka.

Zile kumi za zamani watalipa bila neno.
Za juu yake "zinaangaliwa."
Alhamisi atakuja mwingine, wa kutoka Kampala,
kuomba karatasi za hospitali.

Karatasi ninayo.
Daftari la shule, kurasa tisini na sita,
nyuma jedwali la kuzidisha,
ndani mwandiko wa nesi wa zahanati:
*170 juu ya 110. Apunguze chumvi. Arudi.*
Tarehe nimeihesabu kwa vidole,
kisha kwa punje za maharage, nisije nikamsingizia marehemu:
siku tisa kabla ya ile Hapana.

Hukurudi. Chumvi ulipunguza, nakumbuka.
Ulisema mchuzi wangu siku hizi unachoma ulimi
nikanuna wiki nzima.
Kumbe.

Sigiri iko pale, makaa yameshika.
Daftari ni jembamba,
lingekwisha kabla maji hayajachemka.
Mama yako, uliyemfuta, ameketi mlangoni akipeta ulezi.
Hajui kusoma,
lakini ananitazama mikono.

Nafungua jalada la nyuma.
Adongo amekwaruza juu ya saba mara tatu
duara lisilofungika.

Nainjika sufuria.
Daftari nimelikalia.
Leo ni Jumatano.