Maji Yasiyo na Shaba

Siku ile nilidhani ni pamba,
pamba ya meno iliyoanguka mle ndani
kutoka kwenye trei ya daktari.
Nikachukua koleo, nikanyoosha mkono niitoe.
Ikanishika.
Bila nguvu, kama mtoto wa siku tatu
anavyoshika kidole asichokijua ni cha nani.

Nyeupe. Nyeupe hata jiwe lililo nyuma yake
nililiona kupitia mwilini.

Daktari Kabwita aliinunua kwa dereva wa lori
aliyeibeba kutoka Dar es Salaam katika ndoo ya rangi,
siku tisa, nne kati ya hizo Kasumbalesa
wakigombania karatasi.
"Mgonjwa akitazama kitu kizuri," alisema,
"hasikii mashine."
Kisha ikaja baridi ya mwezi wa sita, na kuranti ikaanza kukatika.
Taa ikazima, maji yakapoa,
na vile vijimea vinavyoishi ndani ya ngozi yake,
vinavyoipikia kwa mwanga
na kulipa kodi kwa sukari,
vikafunga mizigo, usiku baada ya usiku.
Nyumba ikabaki imesimama. Wapangaji hakuna.

Mimi ni wa mapokezi.
Naandika majina, napokea faranga,
nasuuza damu kwenye beseni.
Hakuna aliyenituma.

Bwana mmoja wa Kamalondo, shavu limevimba, akaniambia:
"Mama, hiyo imekufa. Imwage."
"Na wewe ulivyovimba hivyo, tukumwage?"
Akacheka, akashika shavu,
akajuta kucheka.

Tangu hapo sikusema tena *hiyo*.

Fundi wa samaki alinionya kwa simu:
maji ya bomba usithubutu,
shaba kidogo tu itamuua.
Nikakaa na simu mkononi, imekwisha kukatika.
Shaba!
Hapa, ambapo shaba ilijenga shule niliyosoma,
ambapo baba alirudi kutoka tanuruni alfajiri
akisukuma bakuli, akisema hata uji una ladha ya sarafu;
hapa chini ya kile kilima cheusi cha makapi
mimi natafuta lita ishirini
zisizowahi kusikia jina lake.

Nilizipata kwenye mtungi wa kuchemshia vifaa,
mvuke uliotulia, tone, tone,
siku nne kujaza madumu mawili.
Nikapima chumvi kwa mizani ya dawa.
Nikavua bangili ya mama,
niliyovishwa nikiwa na miaka saba kwa ajili ya mifupa,
nikaiweka juu ya kabati.
Mkono ukawa mwepesi, wa mtu mwingine.

Kipande cha kamba, kidogo kuliko punje ya mchele.
Akakitema.
Kesho kutwa, kingine. Akakitema.
Taa nikaiunga kwenye betri ya gari la jirani,
saa mbili tu, kisha tatu:
kwa aliyekaa gizani, mwanga mwingi ni kofi.
Alielea, mguu juu, akigonga kioo
kama aliyepotewa na mlango,
na mimi nikiandika: Mujinga, gego la chini;
Kazembe, kung'oa;
jicho moja kwenye daftari.

Jumatano ya tatu mdomo ulifunga juu ya kipande,
polepole, kama mfuko unavyovutwa uzi.
Sikupumua.
Wiki iliyofuata nilikuta mguu umeshika jiwe.
Nilisugua sakafu yote siku hiyo,
hata chini ya makochi ambako hakuna anayetazama.

Mama aliuliza bangili iko wapi.
Nikasema kazini.
"Kazini inafanya nini?"
Nikashindwa kumjibu.

Leo, kwenye ncha ya mkono mmoja,
mmoja tu, kati ya mikono nisiyoweza kuihesabu,
kuna rangi. Si ya kujivunia:
kahawia, kama alama ya chai
kwenye kikombe kilicholala bila kuoshwa.
Nimemwita daktari. Amekuja na glovu, na haraka zake,
akainama.
"Uchafu?"
"Mpangaji," nikasema.
Hakuelewa. Kuna mtu analia mle ndani, mdomo wazi.
Nikaweka kipande kingine cha kamba kwenye koleo.