Ndala ya Kushoto

Darasani nilipata themanini na mbili:
mgandamizo, kipenyo, kina cha kisima,
kila herufi ya fomula kwenye kiti chake.

Kisha wakatupeleka Chali, tuko wanne,
na pampu tuliyoichomelea wenyewe karakanani.
Siku ya tisa ikakohoa hewa.
Chumvi ya Bahi haikusoma michoro yetu;
ilishaitafuna washa, imebaki ukoko.

Ndahani akafungua daftari.
Mimi nikafungua mdomo.
Nyemo peke yake ndiye aliyefungua nati.

Mama Mbeleje, ndoo nne zikimngoja,
akavua ndala:
“Kateni hapa katikati. Kisigino kimeshalika.”

Tukakata. Tukapaka mafuta ya alizeti.
Maji yakaja mekundu, yakakaa kidogo, yakatakata,
naye akaondoka na ndoo yake ya kwanza,
mguu mmoja vumbini.

Fomu ya chuo inauliza: mwanafunzi amejifunza nini?
Imeacha mistari mitatu tu.
Wa kwanza nimeandika kipenyo cha washa.
Wa pili: tunadaiwa ndala, namba saba, ya kushoto.
Wa tatu uko wazi.
Jumamosi narudi Chali
kusikiliza kama inakohoa.