Pishi Mbili za Chumvi ya Uvinza

Siku tatu nilipekua herufi F
katika stoo ya mahakama, Tabora, nyuma ya choo cha mahabusu,
ambamo majalada yamelala chali sakafuni
kama wagonjwa waliokosa vitanda.
Karani Lumola alinipa barakoa na kiti cha miguu mitatu.
"Unamtafuta nani?"
Babu wa mama. Feruzi bin Kitenge,
mchonga mizinga, baadaye mpiga nyundo relini,
aliyefia Gongoni mwaka wa nzige.
"Mwaka wa nzige si tarehe," alisema,
akafuta vumbi kwa mkono wa shati lake.

Hakuwemo kwenye F.
Hakuwemo kwenye K.
Ndipo nikajua: karani wa enzi zile
aliandika kwa sikio lake, si kwa ulimi wa mwenye jina,
na sikio la mgeni ni chekeche lililotoboka.
Siku ya nne, kwenye V,
chini ya mtu aliyeandikwa tu "Vuai, mpagazi",
nikamkuta: Veruz Kitengi. Marehemu.
Mirathi namba hamsini na tatu.

Karatasi sita.
Mtu mzima mwenye kifua na kikohozi, karatasi sita.

Jembe, moja.
Mizinga kumi na minne, Sikonge; mitatu haina nyuki.
Kanzu mbili, ya pili imekatwa kwa mstari:
nadhani ndiyo waliyomzikia.
Taa ya chemli, bila kioo.
Baiskeli: "sehemu".
Sehemu gani? Nitakufa sijui.

Kisha warithi.
Mke, Tausi.
Mtoto wa kwanza, Mrisho, ndiye aliyemzaa mama.
Wa pili, Kalunde.
Wa tatu: tundu.
Mchwa wamelila jina lote, wala hawakugusa mstari wa juu.
Mchwa naye mrithi; hakutajwa barazani,
hakuapa, hakuweka dole,
na fungu lake kalichukua.
Nyumbani tuliambiwa wawili.
Mama aliwahesabu wawili mpaka anaingia kaburini.
Nikaliinua karatasi, nikachungulia kwenye tundu,
nikaona goti langu.

Mwisho kabisa, kwa wino uliogeuka chai ya rangi:
"Marehemu anadaiwa pishi mbili za chumvi ya Uvinza
na Nyamizi binti Ntabo, wa Kanyenye.
Mdai hakufika. Haijalipwa."

Nimekuja kutafuta nasaba, nakabidhiwa deni.
"Deni hutangulia urithi," alisema Lumola
bila kuinua kichwa. Alikuwa anamenya karanga.

Sokoni kijana muuza chumvi hajui pishi.
Tulibishana, tukakadiria kwa kopo la rangi,
tukaafikiana kilo sita, nisije nikapunja maiti.

Kanyenye niligonga milango tisa.
Wa kumi, mwanamke anafua sare za shule,
povu mpaka viwikoni.
Nyamizi? Labda bibi wa marehemu mume wangu.
Labda. Kulikuwa na Nyamizi wengi.
Hakunikaribisha, hakunifukuza.
Alifungua mfuko, akaonja kwa ncha ya kidole.
"Mmechelewa," alisema.

Sijui kwa nini nilimweleza habari za tundu.
Hata dada zangu sikuwa nimewaambia.
Alisikiliza huku akikamua soksi,
akaingia ndani, akarudi na kipande cha gazeti,
akachota ukufi mmoja kwenye chumvi yake, sasa yake,
akafunga, akanipa.
"Ya huyo wenu asiye na jina.
Mkimpata."

Ipo jikoni, juu ya kabati la vyombo.
Mvua zikianza gazeti linalowa,
nalibadilisha.