Korija Mbili na Tatu

Anahesabu boriti za dari, amelala chali,
Profesa Somoe Shee, nyumbani kwao Langoni.
Boriti, akifundisha, haziuzwi moja moja:
ni kwa korija, ishirini ishirini,
na aliyezikata matopeni, maji kiunoni,
hana korija yake.
Mimi sikuwa mwanafunzi. Nilikuwa karani,
nikisikia kupitia mlangoni.

Shahada yake aliipata kwa daftari moja la forodha ya Lamu,
pembe zimeliwa na mchwa, wino umekuwa rangi ya chai.
Simsim, frasila kadha. Ngozi, kadha. Pembe, jozi mbili.
Kisha mstari wa tisa, kwa mwandiko uleule mzuri:
Mabruki, na mamake.
Bei moja, kwa wote wawili.
Alilia hata mlinzi wa maktaba akamletea maji.
“Hesabu itazameni,” aliwaambia vijana,
“lakini ulizeni kalamu ilikuwa mkononi mwa nani.”

Baadaye wakampa ofisi yenye zulia.
Naibu wa mkuu wa chuo, fedha na mipango.
Vitabu vikakoma, zikaja kumbukumbu za vikao:
paa la bweni, deni la stima,
mgomo, vioo, mgomo, vioo.
Bei ya kioo aliijua hadi senti.
Miaka kumi na mmoja, na lile daftari, nakala yake,
nililiona likitumika mara moja tu:
kuzuia dirisha lisipigwe na upepo.

Mwaka ule wa upungufu nilipiga chapa waraka.
Jikoni: punguzo, 43.
Nikauliza, “Na majina?”
“Jumla yatosha, Hiribae.”
Akatia saini. Mwandiko mzuri.

Sasa nyonga imevunjika, naye kastaafu,
nami nimevuka na ndizi za Ngao kwenye kikapu.
“Ndoo, keti kitako,” akanena,
kwa Kiamu ambacho chuoni alikifungia kabatini.
Hakuuliza habari za nyumbani.
“Dari hii ni korija mbili na tatu.
Nahesabu tangu alfajiri, yatoka ile ile.”

Nikainua macho, nikahesabu kimya.
Thelathini na nane.
Nikahesabu tena.
Sikumwambia.

“Una kalamu? Mpishi wa uji alikuwa nani?”
“Kadzo wa Menza.”
“Na yule wa masufuria, mwenye jicho moja?”
“Barisa. Alikuwa akikuwekea ukoko.”
Akafumba macho. “Andika. Na ukoko uuandike.”

Tulifika kumi na saba, adhana ya alasiri ikaingia.
Wengine tulibakiwa na sura, au kofia, au kikohozi.
Nikapiga mstari chini ya ukurasa, mazoea ya kazi,
mkono wake ukanishika kifundo, mwepesi kama karatasi:

“Acha nafasi, Hiribae.
Usijumlishe.”