Pilato wa Makongeni

Mimi nilikuwa mnong'onezi.
Stuli ya miguu mitatu, nyuma ya pazia la kulia,
ukumbi wa Kaloleni,
mswada magotini, tochi mdomoni:
mtu akisahau, nimkumbushe.
Lumadede hakusahau hata nukta.
Kwa hiyo miaka kumi na tisa nimelipwa
kutazama kisogo.

Nakijua kile kisogo kuliko kinyozi wake.
Mikunjo miwili, kovu la jipu, ukosi uliogeuzwa
usionyeshe ulivyochakaa.
Upande huo haukuchekesha.
Kichekesho kilikaa mbele, nisikokuona;
nilijua amefinya uso
kwa jinsi viti vilivyolia.

Alikuwa karani wa reli, Muthurwa,
akihesabu mabehewa ya saruji.
Pasaka moja, kanisani Makongeni, wakampa Pilato.
Alifunga siku mbili. Alitaka watu walie.
Akanawa mikono kwenye karai la bati,
akatafuta kitambaa,
hakuna aliyekumbuka kitambaa,
basi akajifuta kwa joho la askari,
taratibu, kidole baada ya kidole,
na kanisa likapasuka:
wazee, kwaya, mama wa ushirika,
Yesu mwenyewe na kamba zake za katani
akicheka hadi taji likaanguka.
Mchungaji alimfukuza Jumapili.
Jumatatu tulikuwa mlangoni kwake na mkataba.

"Lakini mimi ni mtu wa machozi," alituambia.
Tukacheka.

Ndipo Mwalimu Katumbi akatafsiri ule mchezo wa Kifaransa,
wa mwuza dawa aliyejifungia nje usiku wa arusi yake.
Dibaji ilisema nafasi ile iliandikiwa mtu mmoja, wa Paris,
miaka mia na ushei iliyopita,
Bressolet, mwana wa fundi viatu,
ambaye pua yake ilifika jukwaani kabla yake.
Alipenda kucheza wafalme.
Kila alipokufa kifalme, watu walishika mbavu.
Hata siku ya kumzika, dibaji ilisema,
mchimba kaburi alilazimika kuweka sepetu chini.

Lumadede aliomba isomwe tena.
"Alitaka wafalme?"
"Alitaka."
"Hawakumpa?"
"Walimpa. Mara moja."
Akavua miwani, akaifuta kwa tai,
akauliza mazoezi yanaanza saa ngapi.

Wiki sita. Foleni ilifika Jogoo Road.
Kisha redio, kisha tangazo la sabuni,
kisha hakuwa tena na mahali pa kupeleka jambo zito.
Kituo cha polisi, kuripoti baiskeli iliyoibwa:
sajini alidondosha kalamu.
Hospitali, kupimwa presha:
muuguzi alimwomba arudie alivyosema "kizunguzungu".
Benki walimnyima mkopo kwa furaha kubwa
wakamsindikiza hadi nje.

Rispa tulimzika Lang'ata, mwezi wa saba, baridi ya kukata masikio.
Yeye hakuwahi kumcheka. Alikuwa akimwambia,
"Zakayo, kula, chakula kinapoa,"
na basi.
Lumadede akatupa udongo wake.
Ulikuwa tope. Akatafuta kitambaa.
Hakuna aliyekumbuka kitambaa.
Akajifuta kwa pindo la koti,
taratibu, kidole baada ya kidole.

Kikaanza nyuma kabisa, kama kikohozi.
Kisha shemeji. Kisha kwaya,
wameziba midomo kwa vitabu vya nyimbo,
mabega yanatikisika, na si kwa kilio.

Akasimama hapo kusema maneno yake ya mwisho,
na kwa mara ya kwanza nikakiona kisogo kile
kimesahau.
Nilikuwa mahali pangu, nyuma yake, kulia kidogo.
Sina mswada. Sina tochi.
Mdomo wazi, sina la kunong'ona.

Akageuka kunitazama.
Miaka kumi na tisa, sijawahi kuuona uso wake akiwa kazini.

Mungu anisamehe.
Nilicheka.