Abiria wa Nane

Tunang'oa nanga Kirumba saa kumi na mbili na robo,
watu saba kwa hesabu ya daftari, na mimi, nisiyehesabiwa:
mimi ni sauti tu nyuma ya usukani.
Kaeni pande zote mbili. Jaketi zifungwe hadi kidevuni,
hata wewe, bwana daktari wa meno,
ziwa halijui cheo.

Usiku magugu maji yamefunga njia.
Masalu anayasukuma kwa upondo, anayatukana taratibu
kwa Kisukuma, kama mtu anayeamsha ng'ombe.
Kisha injini inakohoa, inakubali,
na mawe ya Mwanza yanaanza kurudi nyuma,
moja limebeba jingine mgongoni
tangu hapajawa na mtu wa kuliambia litue.

Nasema yale ninayosema kila Jumamosi.
Kulia, mnandi: manyoya yake hulowa,
ndiyo maana anaanika mbawa kama sare za shule.
Kushoto, dagaa mchangani, fedha ya wasio na benki.
Wanacheka palepale wanapocheka siku zote.

Kati ya visiwa vitatu ghuba imetulia
kama uji ulioota ngozi. Nazima injini, tunateleza.
Nyamizi, miaka tisa, anauliza maji haya yanakwenda wapi.
Misri, namjibu.
Yakifika huko yanakumbuka huku?
Hilo halimo katika maneno yangu.

Bwirumbe. Nyumba kumi na moja, kanisa lisilo na mlango.
Nyanjura Mazigo hatusubiri, ana kazi.
Redio yake imefungwa kwa mpira wa baiskeli,
inasoma bei ya pamba;
miguu ameinyoosha, na katikati yake chungu
ambacho hakijapata mdomo.
Natangaza: vigae vya vyungu vilivyokufa husagwa,
vikachanganywa na udongo, ili kipya kivumilie moto.
Pindo juu ya pindo. Ganda la kome la kulainishia.
Kamba iliyosokotwa, ya kuandikia shingoni.
Nasema vizuri. Miaka sita nimesema vizuri.

Ndipo Nyanjura akainua uso.
"Wewe mwenye mdomo. Keti."

Simu saba zikageuka kutoka kwake kuja kwangu.

Udongo ulikuwa baridi.
Sikuwahi kuwaambia watu kwamba ni baridi,
wala kwamba unanuka mvua iliyofungiwa chumbani,
wala kwamba kinachofikiri pale ni kidole gumba.
Pindo langu la kwanza lilikatika.
La pili likalala ubavu kama mlevi wa mnadani.
La tatu lilisimama. Nyamizi akahesabu kwa sauti:
moja, mbili, tatu, nne,
basi.

Mama yangu alikuwa akishona mikeka ya mafunjo kule Igombe.
Nilikaa hatua tatu kutoka mikono yake
nikifanya hesabu za kugawanya.
Nilipata tisini kwa mia.

"Si kibaya," alisema Nyanjura, bila kukitazama,
akakipiga ngumi moja, kikarudi kuwa udongo,
akautupa kwenye beseni na wenzake.
"Huu hauweki kinyongo. Siku nyingine usije na mdomo peke yake."

Daktari alinunua vyungu viwili, hakuomba punguzo.
Maharusi kutoka Arusha walinunua kimoja
wakabishana hadi ufukweni nani akipakate.

Kurudi, sikutangaza kitu.
Mnandi alikuwa palepale, ameanika. Hakuna aliyeuliza.
Udongo ulikauka chini ya kucha, ukavuta ngozi,
kila kidole kikajitambulisha kivyake.
Kirumba, Masalu alihesabu wanaoshuka:
saba, akasema. Akatazama mikono yangu.
Nane.

Usiku nilinyanyua godoro.
Mkeka wake wa mwisho upo pale chini,
umeanza kufumuka pembeni.
Nikashika uzi mmoja, nikauvuta.
Haukuwa wenyewe.